Okoa vifaranga kwanza, kundi litajiongeza

Mfugaji mwenye mitetea mitano ya kienyeji akiulizwa kwa nini kundi lake haliongezeki, mara nyingi hujibu kwamba kuku wa asili hatagi sana, na kwa hiyo anatafuta jogoo wa kisasa. Jibu hilo lina ukweli kidogo, kwa sababu mtetea wa kienyeji hutaga mayai 40 hadi 60 tu kwa mwaka, lakini hesabu ya kaya yenyewe huonyesha kwamba tatizo liko mahali pengine. Mtetea akilalia mayai 12 na kuangua 10, kisha akafanya hivyo mara 3 kwa mwaka, mitetea mitano itatoa vifaranga 150. Wakifa 7 katika kila 10 kabla ya kufikisha miezi miwili, kama inavyotokea katika nyumba nyingi ambako vifaranga huachwa wajitafutie, watabaki 45. Wakipona 7 katika kila 10, watabaki 105, kwa mitetea ile ile na jogoo yule yule. Ndiyo maana ushauri huu unaanza na kifaranga na chanjo, na suala la mbegu tunaliacha hadi mwisho.

Mifano mingi hapa ni ya Singida, mkoa unaojulikana kwa kupeleka kuku wa kienyeji Dodoma na Dar es Salaam, na ambao una mtama, uwele na mashudu ya alizeti karibu na mlango wa mfugaji. Mwenye kufuga kwingine atabadilisha nafaka tu. Mambo mengine hayabadiliki.

Kulalisha mitetea kwa pamoja

Mtetea mmoja akiangua leo na mwingine wiki tatu baadaye, mfugaji hujikuta na vifaranga wa umri mbalimbali, wakubwa wakiwapokonya wadogo chakula na kuwaambukiza magonjwa, na yeye mwenyewe hana siku moja anayoweza kuwachanja wote. Ni afadhali mitetea mitatu au minne ilalie siku moja. Mtetea wa kwanza kuonyesha dalili za kuatamia aachiwe yai moja au mawili yasiyohitajika, ambayo yamewekwa alama ya mkaa, ili aendelee kukaa kiotani akiwangoja wenzake. Wengine wakishaanza kuatamia, yale ya alama yaondolewe na kila mmoja awekewe jioni mayai 10 hadi 13 kulingana na ukubwa wa mwili wake, kwa kuwa yai linalobaki nje ya mbawa hupoa na kuwa viza.

Mayai ya kulalisha yawe masafi bila kuoshwa, yasiwe na ufa, na yasizidi siku 10 tangu yatagwe. Yakusanywe kila siku na kuwekwa mahali penye ubaridi, ncha nyembamba ikiwa chini. Siku ya 7 yapimwe usiku kwa tochi: lenye mishipa ya damu inayoonekana kama buibui linaendelea vizuri, na linalopitisha mwanga kote liondolewe. Kabla ya haya yote, kiota kisafishwe, nyasi za zamani zichomwe na mtetea apakwe dawa ya unga ya kuua utitiri na chawa, kwa sababu mtetea anayeumwa na wadudu huacha mayai katikati ya siku 21, na wenyeji wa nyumba husingizia radi.

Wiki nne za mwanzo

Hapa ndipo kundi hupatikana au hupotea. Kifaranga anayetoka na mama yake asubuhi kwenye umande, akizunguka kilomita nzima kutafuta kumbikumbi, hupambana na baridi, njaa, mwewe, kicheche, nguchiro na paka wa jirani kwa wakati mmoja. Mtetea na vifaranga wake wakae ndani, au chini ya tenga kubwa lenye matundu lililowekwa kivulini, kwa wiki mbili kamili. Baada ya hapo wanaweza kutoka saa chache za mchana jua likiwa limekausha nyasi, ndani ya uzio mdogo wa fito au wavu.

Maji yawekwe kwenye sahani isiyo na kina, yenye kokoto safi katikati, kwa maana kifaranga huzama kwenye maji ambayo mtu mzima angeyaona machache. Yabadilishwe asubuhi na jioni. Matandazo ya maranda au pumba za mpunga yawe makavu wakati wote; yanapolowa, vimelea vya kuhara damu hukomaa, na vifaranga kuanzia wiki ya tatu hujikunyata, mbawa zikilegea na kinyesi kikiwa na damu. Ugonjwa huo hutibika kwa dawa yenye amproliamu ikitolewa mapema na kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, lakini dawa haitasaidia sana iwapo matandazo yale yale yenye unyevu yatabaki bandani.

Kuhusu chakula, gharama si kubwa kama inavyodhaniwa. Kifaranga wa kienyeji hula takriban gramu 10 kwa siku katika wiki ya kwanza na gramu 30 katika wiki ya nne, yaani vifaranga 10 hutumia karibu kilo 6 kwa muda wote huo. Kilo 6 za chakula cha vifaranga cha dukani ni pesa ambayo pora mmoja atairudisha sokoni. Kama hakipatikani, mtama mweupe uliopondwa uchanganywe na dagaa waliosagwa na mashudu kidogo yaliyochekechwa kuondoa maganda. Mtama mwekundu wenye uchungu usitumike kwa vifaranga, kwani una kemikali inayozuia protini kutumika vizuri mwilini.

Kuna pia mchwa, ambao wazee wetu waliwatega kwa chungu kikuukuu kilichojazwa mabua makavu na samadi yenye unyevu kisha kikafunikwa kifudifudi juu ya tundu la mchwa jioni. Asubuhi chungu hufunuliwa na kukung'utwa mbele ya vifaranga. Sijaona chakula cha bei nafuu kuliko hicho chenye protini kiasi hicho, na inasikitisha kwamba vijana wengi wanaofuga sasa hawajawahi kukitega.

Wiki ya nne ikitimia, mtetea atengwe mahali asipowasikia vifaranga. Akiendelea kulishwa vizuri, atarudi kutaga ndani ya wiki chache badala ya kuzunguka nao miezi mitatu, na hivyo ndivyo mizunguko mitatu ya mwaka inavyowezekana.

Mdondo hausubiri

Mdondo, ambao wengine huuita kideri, unaweza kumaliza banda zima ndani ya juma moja. Kuku hutoa mharo wa kijani, huhema kwa shida, mbawa huanguka na shingo hupinda. Hauna tiba. Pilipili, mwarobaini na shubiri vina matumizi yake, lakini havizuii kirusi hiki, na mfugaji anayevitegemea hupata faraja ya muda tu, hasa katika mwaka ambao ugonjwa haukupita kijijini kwake.

Chanjo inayofaa mazingira ya kijijini ni ile ya I-2, ambayo nchini Tanzania hutengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari, na ambayo huvumilia joto kuliko chanjo nyingi za kawaida. Kuvumilia joto hakumaanishi kuachwa juani: ibebwe ndani ya kitambaa chenye maji au chombo cha kupozea, na maelekezo ya lebo kuhusu muda wa kuitumia yafuatwe. Kila kuku, awe kifaranga au jogoo, hupewa tone moja katika jicho moja. Kichwa kishikwe kwa upande, tone lidondoshwe, na kuku asiachiwe mpaka lisambae jichoni. Kazi ifanyike alfajiri kabla banda halijafunguliwa, maana kuku akishatoka hutampata tena bila mbio za watoto.

Irudiwe kila baada ya miezi 3. Njia rahisi ya kutosahau ni kuchagua Februari, Mei, Agosti na Novemba. Nane Nane hukumbusha ya Agosti, na ya Mei ndiyo isiyopaswa kukosekana kabisa, kwa kuwa hujenga kinga kabla ya kiangazi, majira ambayo kuku wengi husafirishwa na mdondo hushamiri. Kuku mgonjwa asichanjwe. Kwa kuwa chupa moja huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa kaya moja, majirani wachange na kuchanja asubuhi moja, jambo ambalo pia huzuia banda lisilochanjwa kuwa chanzo cha ugonjwa kwa mengine. Chanjo ya ndui hutolewa mara moja kwa kuchoma ngozi ya bawa, kuku akiwa na wiki 6 hadi 8.

Kuku aliyekufa kwa mdondo azikwe shimo refu au achomwe. Asiliwe, asiuzwe, na matumbo yake asitupiwe mbwa.

Wakubwa na jogoo

Kuku wakubwa wanaojitafutia mchana wanahitaji nyongeza ya gramu 30 hadi 50 tu jioni. Mchanganyiko wa karibu kilo 10 unaweza kuwa mtama uliobarazwa kilo 4.5, pumba kilo 2, mashudu ya alizeti kilo 2, dagaa kilo 1, chokaa ya mifugo gramu 450 na chumvi gramu 30. Usipewe vifaranga, kwa sababu chokaa hiyo ni nyingi mno kwao. Nafaka yenye ukungu nayo isichukuliwe kuwa chakula cha kuku kwa kuwa binadamu ameikataa. Sumukuvu huharibu ini la kuku na mabaki yake yanaweza kufika kwenye mayai. Banda la usiku litoshe kuku 5 au 6 kwa mita moja ya mraba, liwe na vichanja vya kulalia na kupitisha hewa juu ya vichwa vyao.

Sasa suala la mbegu. Kuku wa kisasa kama Kuroiler na Sasso hutaga na kukua kuliko kuku wetu, lakini Kuroiler ni nadra kuatamia, hivyo mwenye kundi dogo asiuze mitetea yake ya kienyeji kwa kuwategemea hao. Jogoo mmoja hutosha mitetea 10, na abadilishwe kabla hajaanza kupanda binti zake. Jogoo mpya, awe wa kununuliwa mnadani au zawadi ya shemeji, achanjwe siku anayofika na akae peke yake siku 14 mbali na banda, akihudumiwa baada ya kuku wengine wote kuhudumiwa.