Somo: Kuchagua na kutunza kronografu za mtindo wa zamani, kwa tulio Arusha na Moshi

Kuna saa nyingi za kronografu, yaani saa zenye stopwochi ndani, mikononi mwa watu hapa Arusha ambazo hazijawahi kupima hata sekunde moja. Usoni zina vijisaa vitatu, ubavuni vitufe viwili, pembeni namba za takimita (kipimo cha kasi), lakini ukibonyeza kitufe hakuna kinachotokea. Nyingine hudanganya kwa ustadi zaidi: kijisaa kimoja kinaonyesha siku, kingine tarehe, na vitufe kazi yake ni kuvisogeza mbele tu. Somo hili ni la wanaotaka saa iliyotengenezwa leo kwa sura ya miaka ya 1940 hadi 1970, yenye stopwochi ya kweli ndani yake, na wanaotaka idumu.

Tukubaliane jambo moja kwanza. Nakala ninazozungumzia ni zile zinazoiga umbo na mpangilio wa saa za zamani zikiwa na jina la kiwanda chake chenyewe usoni. Saa iliyoandikwa Rolex au Omega na haikutoka huko ni feki, na kuuza bidhaa feki nchini ni kosa; Tume ya Ushindani inazikamata na kuziteketeza. Mbali na sheria, feki inakunyima kitu muhimu kwa mkusanyaji: hujui ndani kuna mashine gani, wala fundi hajui aagize kipuri cha saa ipi.

Hatua ya kwanza: ijue mashine

Wengi huanza na uso wa saa, nami siwalaumu. Ila miaka mitano mbele kitakachoamua kama saa inatengenezeka ni mashine. Kwenye nakala za leo utakutana zaidi na familia tatu.

Ya kwanza ni Seagull ST19, ya kujaza kwa mkono. Hii ina ukoo. Kiwanda cha Venus cha Uswisi kilikuwa na kronografu iitwayo Venus 175. Wachina walinunua mitambo yake, na mwaka 1961 kiwanda cha saa cha Tianjin, ndicho Seagull ya leo, kilipewa kazi ya kutengeneza saa ya marubani wa jeshi la anga la China. Saa za kwanza za majaribio zilikamilika 1963, ndiyo maana nakala maarufu zaidi ya siku hizi huitwa kwa mwaka huo. Kwa hiyo ukinunua saa ya ST19 umenunua nakala ya sura, lakini mashine yake ni mjukuu halali wa ile ya Uswisi. Hupiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara sita kila sekunde, na ukiijaza kikamilifu hutembea zaidi ya saa 40.

Ukipata yenye mfuniko wa nyuma wa kioo, kaa nayo karibu na dirisha na uvae lenzi. Bonyeza kitufe cha juu polepole. Utaona gurudumu dogo lenye nguzo zilizosimama likizunguka hatua moja. Ncha ya wenzo iliyokuwa imeegemea nguzo inadondokea kwenye nafasi iliyo kati ya nguzo mbili, na papo hapo gia nyembamba inasogea pembeni mpaka meno yake yanashikana na gia ya katikati. Mshale mrefu unaanza kwenda. Bonyeza tena: nguzo inausukuma wenzo nje, gia inaachia, breki inakaa. Kisha kitufe cha chini: nyundo inashuka juu ya vipande viwili vyenye umbo la moyo, na kwa kuwa moyo una sehemu moja tu ya chini kabisa, popote mshale ulipokuwa unarushwa hadi sifuri. Mimi sijaona kitu kingine kinachofundisha umakanika kwa uwazi namna hii katika nafasi ndogo kiasi hiki.

Ya pili ni Seiko VK63 na VK64. Hizi hutumia betri kuhesabu muda, ila stopwochi yake hurudi sifuri kwa nyundo ya chuma kama za zamani. Mshale mrefu unakwenda kwa hatua ndogo za moja ya tano ya sekunde, na ukibonyeza kitufe cha chini unaruka nyumbani mara moja badala ya kuzunguka kama kwenye kronografu nyingi za betri. Kama unaendesha bodaboda, unapandisha wageni mlimani au unashinda kwenye trekta, anza na hii. Mashine ya kujaza haipendi mtikiso wa siku nzima.

Ya tatu ni Valjoux 7750 ya miaka ya 1970 na zile za Kichina zinazoiiga. Hujijaza yenyewe mkono unapotembea, hupiga mara 28,800 kwa saa, na badala ya gurudumu la nguzo ina kamu, yaani bamba lenye kingo za kusukuma wenzo. Uzani wake, kile kipande kizito kinachozunguka ndani, hujaza ukielekea upande mmoja na kuzunguka bure upande mwingine, ndiyo sababu mara nyingine utahisi saa inatikisika mkononi. Huo si ubovu. Ya Uswisi ni imara sana. Zile za kuiga hutofautiana moja hadi nyingine, na mimi simshauri anayeanza azinunue.

Hatua ya pili: kagua kabla ya kulipa

Ikiwa muuzaji yuko mbele yako, iwe duka la Soko Kuu au meza ya mitumba pale Memorial, Moshi, omba dakika kumi. Ijaze taratibu, kifundo cha kujazia kiende laini, bila kukwaruza. Anzisha stopwochi, iache ipite dakika mbili, uangalie kijisaa cha dakika kama kimesogea mara mbili kamili. Simamisha, rudisha sifuri. Rudia hivyo mara kadhaa. Mshale ukirudi kila mara mahali pengine, mwache na saa yake.

Kama unaagiza mtandaoni, dai picha ya mashine ya saa hiyohiyo, siyo ya tangazo. Asiyekubali kufungua mfuniko hauzi saa.

Hatua ya tatu: kila siku

Ya kujaza, ijaze asubuhi ikiwa haiko mkononi, maana ukiijaza imevaliwa unakipinda kile kijiti cha kifundo. Ukihisi imegoma, acha. Usibonyeze kitufe cha kurudisha sifuri stopwochi ikiwa inatembea, simamisha kwanza. Usiiache stopwochi ikitembea kutwa kwa ajili ya urembo, kwani inanyonya nguvu ya springi na saa inaanza kuchelewa. Lakini pia usiinyime kazi kabisa. Ukiwa abiria wa basi kwenda Moshi, anza kupima kwenye nguzo moja ya kilomita na simamisha kwenye inayofuata: sekunde 45 zikikuangukia, takimita itakuonyesha 80, na hiyo ndiyo kasi ya basi kwa saa.

Zenye tarehe kama 7750, usibadili tarehe kwa kifundo kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 8 usiku. Wakati huo gia za tarehe zimeshikana na unaweza kuvunja jino.

Hatua ya nne: vumbi, maji na mafuta

Kiangazi chetu kina vumbi laini linalopenya kila mahali, na kronografu ina milango miwili zaidi ya saa ya kawaida: vitufe. Kila jioni pitisha mswaki laini mkavu kuzunguka vitufe na kifundo kabla hujavibonyeza. Ukibonyeza kitufe chenye vumbi, umelisukuma ndani kwa mkono wako.

Maji ni hadithi fupi. Maandishi ya mita 30 hayana maana kwamba utaogelea nayo. Saa hiyo inavumilia matone tu unaponawa. Vitufe visibonyezwe vikiwa vimelowa. Masika yakianza ukaona ukungu ndani ya kioo, nenda kwa fundi siku hiyohiyo afungue na kukausha, halafu abadilishe mipira ya kuzuia maji. Kuianika juani hakutoi maji, kunayahamisha tu kutoka kwenye kioo kwenda kwenye chuma.

Sasa mafuta, na hapa naomba tusikilizane vizuri, kwa sababu ndipo saa nyingi nzuri zinapofia. Kila miaka minne au mitano mashine ya kujaza inahitaji kufunguliwa yote, kuoshwa na kutiwa mafuta upya. Mafuta ya saa si ya aina moja. Ncha za gia zinazokwenda kasi hupewa mepesi, mfano Moebius 9010. Sehemu zenye mzigo mkubwa na mwendo wa polepole hupewa mazito, mfano HP1300. Kiasi chenyewe ni tone ambalo bila lenzi hulioni. Mafuta ya cherehani hayafai, yanatambaa. Leo yako kwenye kito, kijiwe ambamo ncha ya gia huzunguka, kesho yamefika kwenye springi nyembamba ya balansi, gurudumu linaloyumba kupima muda, mizunguko yake inagandana na saa inakimbia ovyo. Baadaye vumbi linaungana nayo na kuwa uji mweusi unaosaga chuma. Kwa hiyo kabla hujamkabidhi fundi saa yako, muulize kwa heshima anatumia mafuta gani na kama ameshafungua kronografu. Fundi mzuri hachukii swali hilo, atakutolea vichupa uvione. Wapo mafundi hodari wa saa za kawaida ambao watakwambia wenyewe kwamba kronografu hawagusi, na hao ni wa kuwaheshimu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, habari za kazi. ST19 yangu ilikuwa inatunza muda vizuri, ghafla wiki hii inakimbia dakika kumi kwa siku. Imekufa?*

Haijafa, dada. Kukimbia ghafla kiasi hicho mara nyingi ni sumaku. Chukua dira ndogo ya kawaida, iweke mezani itulie, kisha isogezee saa polepole. Sindano ikiyumba sana saa inapokaribia, mizunguko ya ile springi nyembamba imeshika usumaku na inavutana. Kuna kifaa kidogo cha umeme cha kuondoa usumaku, mafundi wengi wanacho: unaweka saa juu yake, unabonyeza, unainua saa juu taratibu huku umebonyeza. Sekunde chache tu, wala saa haifunguliwi. Halafu tafuta chanzo nyumbani. Kava ya simu yenye sumaku na spika ya redio ndizo za kwanza kuzishuku.

*Kaka, mshale mkubwa wa VK64 yangu ukirudi unasimama kama nusu sekunde kushoto ya alama ya juu. Naurekebishaje?*

Kwenye VK hakuna namna ya kuurekebisha kwa vitufe, kwa sababu nyundo ndiyo inayoamua sifuri. Mshale ulipachikwa vibaya kiwandani. Fundi anaung'oa na kuupachika upya wakati stopwochi iko sifuri. Kama ni nusu sekunde na haikusumbui moyoni, iache. Kila kung'oa kunalegeza tundu la mshale. Hakikisha tu unarudi palepale kila mara.

*Shikamoo mwalimu. Marehemu baba alisoma Moscow, ameniachia Poljot yenye vitufe viwili, nyuma imeandikwa 3133. Ni nakala? Niing'arishe?*

Marahaba mwanangu, na pole. Hiyo si nakala kwa maana ya somo hili, ni kronografu halisi ya Kisovieti. Warusi walinunua mitambo ya Valjoux 7734 katika miaka ya 1970, wakaiboresha na kutengeneza 3133 kiwandani kwao. Hadithi yake inafanana na ya Seagull na Venus. Usiing'arishe. Kingo za ganda zikishaliwa na mashine ya kung'arisha hazirudi, na mikwaruzo hiyo ni ya mkono wa baba yako. Usiijaze wala kubonyeza vitufe mpaka ifunguliwe na kuoshwa, maana mafuta ya zamani yamekauka. Kioo kikiwa cha plastiki, hicho unaweza kukisugua kwa dawa nyeupe ya meno na kitambaa laini mpaka mikwaruzo midogo iondoke. Kioo cha kweli usihangaike nacho kwa dawa ya meno, hakitabadilika.

*Betri ya VK ni ipi, na nibadilishe lini?*

SR936SW, na hudumu takriban miaka mitatu, pungufu ukitumia stopwochi sana. Ikiisha itoe mapema, usiiache ivujie ndani.

*Fundi, nataka kujifunza kufungua mwenyewe. Nianze na ST19 yangu?*

Hapana, kaka. Nenda Memorial ukatafute saa ya mishale ya kujaza, ya kawaida, isiyo na kronografu, hata kama imekufa. Mbili za aina moja ni bora, moja iwe ya vipuri. Nunua bisbisi tatu nzuri za saa, kibano kisicho na sumaku, lenzi, pampu ya mpira ya kupulizia vumbi na trei nyeupe yenye kingo. Kabla ya kutoa skrubu yoyote, legeza kwanza nguvu ya springi kuu: shika kifundo, achia kile kidoana kinachozuia gia ya kujazia, uache kifundo kizunguke polepole kati ya vidole. Ukisahau hilo, gia zitafyatuka na kuvunja ncha zake. Piga picha kila hatua. Ifungue na kuifunga mpaka itembee bila kubakiza skrubu kwenye trei, ndipo tuzungumze kuhusu ST19. Na fanya kazi hiyo asubuhi mapema madirisha yakiwa yamefungwa, kabla vumbi la barabarani halijapanda.