Mafuta ya karafuu: kijiti kipya kwa kila kipimo

Kwa wanaopima yujeno (eugenol, kiambato kikuu cha mafuta ya karafuu) kwenye mafuta ya karafuu au ya makonyo kwa elektrodi ya kaboni: msisome mara ya pili juu ya uso uleule. Tumieni kijiti cha grafaiti cha penseli ya kubofya, cha milimita 0.5, na kila kipimo kiwe na kijiti chake. Yujeno ni fenoli, yaani kampaundi yenye kundi la OH kwenye pete ya benzini. Ikishapoteza elektroni, molekuli zake hushikana zikawa utando usiopitisha umeme, ndiyo maana kilele cha mkondo kwenye grafu ya kipimo cha pili hushuka hata kama mmumunyo haujabadilika. Nanotubu za kaboni (mirija midogo mno ya kaboni) zikipakwa juu ya kijiti huongeza eneo la uso na kuchelewesha tatizo hilo, lakini hazilizuii.

Pakeni kijiti rangi ya kucha, muache milimita 10 za ncha wazi, rangi ikauke kabisa. Bila mpaka huo wa rangi kina cha kuzamisha hubadilika, na mkondo hubadilika nacho. Hapa ndipo wengi huharibu kazi nzuri. Chovyeni sehemu iliyo wazi kwenye etanoli yenye nanotubu (miligramu 1 kwa mililita 1, iliyotikiswa kwa mashine ya mawimbi ya ultrasauti dakika 30), kisha kausheni. Mafuta nayo yayeyusheni kwanza kwenye etanoli ndipo muongeze bafa (mmumunyo wa maji unaotuliza pH), la sivyo yataelea.

Njia hii hushindwa tabaka la nanotubu likiwa nene: mkondo wa kuchaji (unaotokana na uso wenyewe kujaa chaji, si yujeno) hupanda ukafunika kilele kidogo. Pia haitenganishi yujeno na fenoli nyingine inayooksidika kwenye volti zilezile.