Kupaka nta koti na begi la turubai kabla ya mvua

Mvua za Tabora na Kigoma huanza kati ya Oktoba na Novemba, kwa hiyo kazi hii ni ya Septemba. Jua lipo, hewa ni kavu, na kufikia saa tano bati linaunguza mkono. Jua hilo ni nusu ya vifaa vyako. Nusu nyingine ni kitambaa kizito cha pamba na nta ya nyuki, ambayo mtu wa Sikonge, Urambo au Kaliua hana haja ya kuitafuta mbali.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo: nta inatakiwa iingie ndani ya uzi, isikae juu ya kitambaa. Koti linalonata, linalobanduka magamba, au linalovuja mabegani ingawa limebeba nta nusu kilo, mara nyingi limeharibika kwa sababu moja. Mpakaji aliongeza nta pale alipotakiwa kuongeza joto.

Kitambaa kwanza

Ukiuliza turubai dukani leo utaletewa lile la plastiki la kuanikia mpunga. Hilo halipakwi nta. Unatafuta turubai la pamba, la aina iliyoshonewa mahema ya zamani, au kaki nzito. Kwenye mitumba, makoti ya kazi ya pamba tupu yanapatikana ukivumilia kupekua. Soma lebo. Kama imekatwa, chomoa uzi mmoja kutoka upindo wa ndani uuwashe kwa kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka kama karatasi, na huacha jivu laini la kijivu. Poliesta hujikunja, hutoa moshi mweusi na kuacha kidonge kigumu. Kitambaa chenye poliesta kidogo kinafaa kwa kiasi. Kikiwa poliesta nusu kwa nusu, kiache. Uzi wa pamba hunyonya nta, tena ukilowa huvimba na kuziba matundu ya kitambaa. Poliesta haifanyi lolote kati ya hayo.

Kwa uzito, jinzi nzito ndiyo kiwango cha chini. Chini ya hapo nta itakuwa nyingi kuliko kitambaa.

Rangi nayo ina sababu zake. Nta hutia giza: kaki hafifu hugeuka rangi ya udongo uliolowa, na ya udongo hukaribia kahawia nzito. Basi nunua hafifu kuliko unavyotaka iishie. Kama safari ni ya mapori ya Ugalla au Moyowosi, epuka bluu na nyeusi, kwa sababu rangi hizo huvuta ndorobo. Ndiyo maana mitego ya ndorobo hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Na nguo zenye mabaka ya kijeshi usiziguse hata zikiwa bei ya kutupa. Nchini kwetu raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi.

Pamba kwenye njia hii ina historia ndefu. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilibeba majora ya pamba isiyopaushwa kutoka Marekani, na kitambaa chenyewe kikaitwa marekani. Kilinunua chakula, kililipa hongo, yaani ushuru wa kupita kwenye himaya za watemi, na kilisafiri mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi. Ufundi wa kukinga kitambaa na maji ulitoka baharini. Mabaharia wa Uingereza walipaka matanga mafuta ya linsidi, yaani ya mbegu za kitani, wakaona tanga lililopakwa halinywi maji, wakajishonea mavazi ya kitambaa hichohicho. Ila linsidi hugeuka njano na kukakamaa hadi kupasuka, na katika miaka ya 1930 nta ilianza kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo fundi wa rangi akikushauri linsidi, mshukuru uiache. Tena matambara yaliyolowa linsidi yakirundikwa hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka.

Kufua na kushona

Fua kwa maji ya moto na sabuni ya mche, kisha suuza mara tatu au nne hadi maji yatoke bila povu. Sabuni iliyobaki kwenye uzi hualika maji, na hapo nta yote itakuwa kazi bure. Usitumie dawa ya kulainisha nguo. Anika siku nzima. Kitambaa chenye unyevu hakipokei nta, na unyevu uliofungiwa chini yake huzaa ukungu.

Viraka, vifungo na mifuko ya ziada vishonwe sasa. Fundi cherehani hatafurahi ukimpelekea kitambaa chenye nta, kwa sababu sindano hunata na uzi hukatika. Mwombe atumie uzi wa pamba. Kwa mishono ya mkono, vuta uzi mara mbili juu ya bonge la nta kabla ya kutunga sindano, kama wafanyavyo washona viatu.

Kusafisha nta

Nta ya sokoni mara nyingi bado ina takataka za masega. Ivunje vipande, weka kwenye sufuria ya alumini au chuma kisichoshika kutu pamoja na maji ya mvua, kiasi cha lita moja kwa kila nusu kilo. Pasha polepole hadi yote iyeyuke, chuja kwa kitambaa cha pamba kwenye ndoo, funika, acha ipoe usiku kucha. Asubuhi utakuta sahani ya nta inaelea. Igeuze: upande wa chini una tope la kahawia, likwangue kwa kisu. Kama bado ina weusi, rudia. Usitumie chungu cha chuma cha kawaida wala shaba, maana hutia nta rangi.

Kazi hii ifanywe alfajiri au jioni. Ukichemsha masega mchana katika nchi ya Unyamwezi, nyuki watasikia harufu ya asali na kukuletea kundi zima.

Mchanganyiko

Nta tupu ni ngumu mno; koti hukakamaa na kufanya nyufa nyeupe viwikoni. Kipimo kinachofaa joto letu ni sehemu 6 za nta ya nyuki, 3 za mshumaa mweupe na 1 ya mafuta ya mgando, yale ya kujipaka. Kwa gramu 300 hiyo ni nta 180, mshumaa 90, mgando 30. Koti la mtu mzima la turubai hunywa gramu 200 hadi 300, na begi la mgongoni gramu 100 hivi. Nta hushika uzi, mshumaa hupunguza kunata, mgando hulainisha. Kwa koti litakalokaa zaidi Kigoma mjini, ambako joto la ziwani halipoi sana usiku, punguza mgando uwe nusu sehemu.

Mtu wa Kigoma atafikiria mawese kwa sababu ndiyo yaliyo jirani. Yasitumike: hutia wekundu usiotoka, huchacha, na huita panya na sisimizi. Alizeti nayo huchacha. Mafuta ya taa ya kulainishia nta hayana nafasi karibu na jiko lenye moto.

Yeyusha kwenye sufuria ndogo iliyowekwa ndani ya sufuria kubwa yenye maji, juu ya jiko la mkaa. Usiweke nta moja kwa moja kwenye moto kamwe. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, kwa hiyo maji yanayochemka yanatosha na yanazidi, hata Tabora penye mwinuko wa mita 1,200 hivi, ambako maji huchemka kwenye 96. Kaa na mfuniko karibu. Nta ikishika moto, funika na uondoe jikoni. Ukimwagia maji itaruka ikiwaka.

Mimina kwenye kopo lililopakwa sabuni kidogo ndani. Ikipoa utapata mche wa kushika mkononi. Bakiza vijiko vitatu au vinne kwenye sufuria kwa ajili ya mishono.

Kupaka

Weka bati juani kuanzia saa nne. Kufikia saa sita tandaza koti juu yake, upande wa nje juu, uliache dakika kumi lipate moto. Kisha sugua mche wa nta kwa nguvu, kufuata mwelekeo wa uzi halafu kuukata. Kitambaa kitashika michirizi meupe kama chaki. Nta iwe nyembamba kiasi kwamba unaona ufumaji wake; ukianza kuona utando, umezidisha.

Sasa joto. Jua peke yake hulegeza nta, mara nyingi haliimalizi. Chukua sufuria ndogo yenye maji yanayochemka, kitako kimefutwa masizi, uipitishe polepole juu ya kitambaa kama pasi. Hapa usiwe na haraka. Chini ya ukingo wa sufuria utaona weupe wa chaki unayeyuka, unang'aa kidogo, halafu ghafla unatoweka na kitambaa kinageuka rangi kana kwamba kimelowa. Huo ndio wakati nta imeingia. Mahali palipobaki pakavu kwa rangi, nta bado iko juu; rudi pale. Gusa upande wa ndani kwa kiganja: unatakiwa uhisi ubaridi laini wa nta, bila kunata. Maji yakipoa badilisha. Mashine ya saluni ya kukaushia nywele inafanya kazi hiyohiyo kama umeme upo. Pasi ya mkaa hatuipendekezi, kwani hudondosha cheche, na mkono ukikaa sekunde mbili zaidi kitambaa kinaungua.

Mishono ndiyo huvuja kwanza, kwa sababu kila tundu la sindano ni mlango. Pasha ile nta uliyobakiza, chovya mswaki wa zamani, pitisha juu ya mshono, kisha kandamiza kwa kidole gumba ikiwa bado vuguvugu. Mabega, sehemu ya juu ya mikono na vifuniko vya mifuko vipakwe mara ya pili. Kwapa, upande wa ndani wa kola na bitana visipakwe kabisa, ili jasho lipate pa kutokea. Kwenye begi, kitako kipakwe mara mbili hadi tatu, lakini mikanda iachwe, la sivyo itaacha alama kwenye kila shati. Sugua nta kavu kwenye meno ya zipu. Itateleza vizuri zaidi.

Tundika kivulini penye upepo siku mbili.

Kupima na kurekebisha

Nyunyizia maji kwa vidole. Matone yasimame kama shanga na kuteleza ukiinamisha mkono wa koti. Yakitandaa na kuacha doa jeusi ndani ya dakika moja, hapo nta ni chache au sabuni haikutoka. Pasha na paka pale pekee. Likirudia kunywa, kosa ni sabuni, na dawa yake ni kuanza upya.

Koti linalonata na kukusanya vumbi la barabara ya Sikonge lina nta ya ziada au mgando mwingi. Litandaze kwenye bati la moto, weka karatasi ya kaki juu, pitisha sufuria ya maji moto. Karatasi itanyonya ziada. Badilisha karatasi hadi itoke kavu. Mistari myeupe kwenye mikunjo ya viwiko si kosa. Joto la kiganja huifuta. Magamba yanayodondoka ni nta ambayo haikuingia, nayo hurekebishwa kwa joto bila kuongeza kitu.

Usitegemee kisichowezekana. Koti hili huzuia manyunyu ya ziwani ukiwa kwenye boti la Kibirizi kwenda Gombe, umande wa alfajiri kwenye pikipiki, na mvua ya kupita. Mvua ya kutwa nzima itaingia. Mchana wa jua kali litakuchosha, na ndiyo maana, kama una nta ya kutosha kitu kimoja tu, maoni yetu ni uanze na begi. Na kitambaa chenye nta huwaka: usikianike karibu na moto wa kambi wala usikivae ukichochea kuni.

Matunzo

Usilifue tena kwa sabuni wala maji ya moto. Tope liache likauke, kisha brashi ya viatu. Doa, kitambaa chenye maji baridi. Lining'inizwe peke yake, lisilale juu ya nguo nyingine, na lisiwekwe kwenye sanduku la bati linalopigwa na jua. Likilowa, likauke kabisa kabla ya kuhifadhiwa. Ukungu ukitokea, uufute, anika jua la asubuhi, paka upya pale. Kila Septemba lipime kwa maji na uongeze sehemu zinazokunywa tu. Gramu 50 hadi 80 kwa kawaida zinatosha.

Sufuria isafishwe ingali ya moto, kwa karatasi, na karatasi hizo ziwashie jiko kesho yake. Nta isimwagwe kwenye karo wala mtaro, maana itaganda humo na kuziba.