Kuupanda Mlima Longonot kwa siku moja

Toka Nairobi alfajiri. Panda matatu ya Naivasha inayopita barabara ya chini, ya Mai Mahiu, si ile ya juu. Shuka kituo cha Longonot, uchukue bodaboda hadi geti la hifadhi. KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hawapokei pesa taslimu, kwa hiyo lipa kiingilio mapema kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali.

Kutoka getini hadi ukingo wa kreta, yaani shimo kubwa la volkano, ni kama kilomita 3. Wengi huchoka hapa, maana wameanza kwa kasi mno. Udongo ni wa majivu ya volkano: mvua imeuchimba mifereji, na kiangazi huwa vumbi tupu. Raba zilizolika soli zitakuangusha, hasa wakati wa kushuka. Vaa buti zenye meno, na funga leso puani.

Kuuzunguka ukingo ni kilomita 7 hivi. Kipande kigumu ni cha kuelekea kileleni, mita 2,776, ambako utatumia mikono pia. Ikiwa saa sita mchana imepita na bado hujaanza kuzunguka, rudi tu.

Njiani hakuna maji wala kivuli cha maana. Beba lita 3 kwa kila mtu, kofia, ndizi na karanga. Mvua ikinyesha, acha ukingo: njia huteleza na pembeni ni korongo. Usishuke ndani ya kreta bila askari wa hifadhi, kuna nyati.