Namna ya Kufuatilia Nasaba ya Familia kwa Vizazi Kadhaa

Nasaba hutafutwa kwa kupanda, si kwa kushuka. Anayeanza na jina la mtu mashuhuri wa zamani, kisha akajaribu kushuka naye hadi kwenye familia yake, mara nyingi hupata alichokitaka badala ya kilichokuwapo, kwa sababu mapengo yaliyo njiani hujazwa na hamu ya kuungana na mkubwa huyo. Kazi huanza na wewe mwenyewe, ikaenda kwa wazazi wako, kisha kwa wazazi wa kila mmoja wao, na hairuhusiwi kupanda juu kabla haijathibitishwa kwamba aliye chini ni mtoto wa aliye juu yake. Kiungo kimoja kikiwa si cha kweli, wote walio juu yake ni wahenga wa familia nyingine, hata kama kila mmoja wao ameandikwa kwa usahihi.

Amua mapema unamfuata nani. Wazazi ni wawili, mababu na mabibi ni wanne, juu yao wako wanane, na ukifika kizazi cha kumi juu yako unakuta nafasi 1,024, ingawa watu halisi huwa wachache kuliko hapo, kwa kuwa jamaa wa mbali wamekuwa wakioana tangu zamani na mtu mmoja akajikuta ameshika nafasi mbili au tatu. Hakuna awezaye kuwafuata wote kwa uangalifu unaostahili. Chagua mkondo mmoja au miwili, ukaumalize mpaka ushahidi utakapokwisha. Ili usipotee humo, tumia namba. Wewe ni 1, baba yako ni 2 na mama yako ni 3. Kuanzia hapo, baba wa mtu yeyote hupewa namba ya mtu huyo mara mbili, na mama hupewa hiyo hiyo ikiongezwa moja. Kwa hiyo namba 12 ni baba wa babu yako mzaa mama, baba yake ni 24 na mama yake ni 25. Mfumo huu ulitumiwa na Michaël Eytzinger, mwanahistoria wa Austria, katika kitabu cha mwaka 1590, na bado haujapata mshindani kwa wepesi, hasa katika familia ambamo jina la babu hurudi kwa mjukuu kila baada ya vizazi viwili.

Nyaraka zitakusubiri, lakini wazee hawatakusubiri. Kwa hiyo zungumza nao kwanza, ukianza na mwenye umri mkubwa zaidi au yule ambaye afya yake inadhoofika, na omba idhini ya kurekodi sauti kabla ya kuwasha chombo. Maswali ya miaka kwa kawaida huzaa majibu ya kukisia. Mzee asiyejua baba yake alizaliwa lini huenda akakumbuka kwamba alikuwa amekwisha kuoa Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, au kwamba kaka yake mkubwa aliacha shule mwaka ule wa mafuriko. Matukio kama hayo yana tarehe zinazojulikana, nawe utaweza kuyapima baadaye. Uliza nani alihudhuria msiba, nani alirithi shamba, nani alimlea yatima, nani alihama na kwa sababu gani, maana watu husahau tarehe haraka kuliko wanavyosahau ugomvi. Picha za zamani husaidia sana: mkabidhi mzee picha, nyamaza, na mwache ataje majina kwa mpangilio wake mwenyewe.

Maneno ya undugu yanahitaji uangalifu wa pekee. Katika jamii nyingi ndugu wa kiume wa baba naye huitwa baba, watoto wa mjomba huitwa ndugu, na mtoto wa kulelewa hatofautishwi na wa kuzaliwa. Andika neno kama lilivyosemwa, kisha uliza kwa adabu kama huyo ndiye aliyemzaa, ama ni mdogo wake, au ni mlezi. Uliza pia majina yote ambayo mtu alipata kuitwa: la utotoni, la dini, la utani, la kazini, na lile la mwandishi wa serikali aliyeandika alivyosikia. Ukipata hadithi moja kutoka kwa watu watatu, chunguza kila mmoja aliisikia kwa nani, kwa sababu wote wakiwa waliipokea kutoka kwa shangazi mmoja, unao ushahidi wa shangazi huyo tu. Tofauti kati ya masimulizi nazo zisifutwe. Mara nyingi ndizo zinazoonyesha kwamba watu wawili wenye jina moja wamekwisha kuunganishwa kuwa mmoja katika kumbukumbu za familia.

Baada ya wazee, fungua masanduku ya nyumbani. Vyeti, barua, vitabu vya dini vilivyoandikwa tarehe za kuzaliwa kwenye kurasa za mwanzo, hati za ardhi, vitambulisho vya kazi na ratiba za mazishi hutoa majina ya mahali, na mahali ndipo panapokuambia ni ofisi gani ina kumbukumbu zako. Piga picha mbele na nyuma ya kila karatasi. Makaburi pia yatembelewe mapema, kwa kuwa maandishi ya mawe hufutika na waliozikwa jirani huwa jamaa mara nyingi.

Ukifika kwenye nyaraka za umma, swali la kwanza ni hili: wakati ule, mahali pale, nani alikuwa akiandika watu, na kwa lengo gani? Usajili wa vizazi na vifo unaofanywa na serikali ni jambo la karibuni kuliko wengi wanavyodhani. Ufaransa iliuanzisha mwaka 1792, Uingereza na Wales Julai 1837, Scotland 1855; katika nchi nyingi nyingine ulikuja baadaye sana, na kwa miaka mingi ulifikia sehemu tu ya wakazi. Kabla ya hapo walioandika zaidi walikuwa viongozi wa dini. Nchini Uingereza makanisa yaliamriwa mwaka 1538 kuweka madaftari ya ubatizo, ndoa na mazishi, na Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, uliagiza mwaka 1563 kwamba maparoko Wakatoliki waandike ubatizo na ndoa. Kumbuka kwamba daftari la namna hiyo hutoa tarehe ya ubatizo, ambayo huenda ikawa siku kadhaa, au hata miaka, baada ya kuzaliwa.

Sensa huonyesha nani aliishi na nani chini ya paa moja, jambo ambalo cheti hakionyeshi, lakini majina ya watu hufungwa kwa muda mrefu ili kulinda walio hai: Marekani huyafungua baada ya miaka 72, na ndiyo maana sensa ya 1950 ilifunguliwa mwaka 2022, ilhali Uingereza husubiri miaka 100. Mirathi, kesi za ardhi, orodha za abiria wa meli, mafaili ya wanajeshi na orodha za walipakodi hutumiwa kidogo mno na wanaoanza, nami nayaona kuwa na thamani kuliko sensa, kwa sababu penye mali ya kugawana watu hulazimika kueleza undugu wao mbele ya hakimu. Shirika la FamilySearch, lenye mizizi katika chama cha nasaba kilichoundwa Utah, Marekani, mwaka 1894, limeweka picha za nyaraka za nchi nyingi kwenye intaneti bila malipo. Hata hivyo sehemu kubwa ya nyaraka za dunia haijawahi kuskaniwa, na kukosa jina kwenye kompyuta si ushahidi kwamba halimo katika daftari lililoko kwenye rafu.

Nyingine zimeteketea. Moto wa mwaka 1921 ulisababisha kupotea kwa karibu sensa yote ya Marekani ya 1890, na mwaka uliofuata hifadhi ya nyaraka ya Dublin iliungua na karne nyingi za kumbukumbu za Ireland. Kwa jamii nyingine, pengo halikutokana na moto, bali na uamuzi wa wale walioshika kalamu. Katika sensa za Marekani za 1850 na 1860, karibu watumwa wote waliorodheshwa kwa umri, jinsia na rangi chini ya jina la mmiliki, bila majina yao wenyewe. Wengi wao waliandikwa kwa majina kwa mara ya kwanza katika sensa ya 1870. Anayefuatilia mkondo kama huo hana budi kutafuta familia ya mmiliki: wosia wake, orodha za mali yake, hati za mauzo na rehani, kwa sababu humo ndimo majina ya watu yalimoandikwa kama sehemu ya mali. Ni usomaji mgumu, na ni vizuri aufanye akiwa na mwenzake.

Kila hati isomwe kwa kuuliza nani alitoa taarifa na yeye alijuaje. Cheti cha kifo ni shahidi mzuri wa siku ya kufa, lakini tarehe ya kuzaliwa na majina ya wazazi yaliyomo yalitolewa na mkwe au jirani ambaye hakuwapo marehemu alipozaliwa. Umri katika sensa huweza kukosewa kwa miaka kadhaa. Tahajia ya jina haina uzito mkubwa, kwa kuwa karani mmoja aliweza kuliandika jina moja kwa namna mbili katika ukurasa mmoja. Tafuta kwa sauti, ukibadilisha herufi zinazokaribiana, na usikatae hati kwa sababu ya herufi moja. Pale ambapo majina ya ukoo hayakuwapo, jina la pili lilikuwa la baba, kwa hiyo lilibadilika kila kizazi: Uturuki, kwa mfano, iliwataka raia wake kuchukua majina ya ukoo kwa sheria ya mwaka 1934 tu. Kalenda nazo zina mitego yake. Uingereza na makoloni yake zilibadili kalenda Septemba 1752 kwa kuruka siku 11, na kabla ya hapo mwaka wa kisheria wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi, hivyo Februari iliyoandikwa 1710 kwetu sisi ni ya 1711. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo mzee wa miaka 66 ya Hijria ana takriban miaka 64 ya jua.

Kazi ngumu kuliko zote ni kutofautisha watu wawili wenye jina moja, mahali pamoja, katika umri unaokaribiana. Hapa jina peke yake halitoshi. Tazama walio karibu naye, yaani mashahidi wa ndoa, wasimamizi wa ubatizo, majirani wa shamba, wadaiwa na wadai, kwa maana watu hao hujirudia katika maisha ya mtu mmoja na hawajirudii katika maisha ya mwingine. Pima pia kama maisha yanawezekana. Mama aliyejifungua akiwa na miaka 9 au 58 karibu kila mara ni watu wawili waliochanganywa, na mkondo unaokwenda miaka 60 kwa kila kizazi, wakati kawaida ni kati ya 25 na 35, pengine umeruka mtu. Miti ya nasaba iliyowekwa mtandaoni na watu wengine ichukuliwe kama fununu: kosa moja likinakiliwa na watu mia moja halijapata mashahidi mia moja.

Vipimo vya DNA husaidia pale karatasi zinapokwisha, ila vina mipaka. Kromosomu Y, sehemu ya DNA waliyo nayo wanaume, hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, na DNA ya mitokondria, iliyo nje ya kiini cha seli, hutoka kwa mama, hivyo kila kimoja huonyesha mkondo mmoja mwembamba tu. DNA nyingine huchanganyika na kupungua: wajukuu wa babu na bibi mmoja waliozaliwa na wazazi tofauti hushiriki wastani wa asilimia 12.5, vitukuu asilimia 3 hivi, vilembwe chini ya asilimia 1, na ngazi inayofuata karibu nusu ya jamaa hawana chochote cha pamoja kinachoweza kupimika. Asilimia za makabila na mabara ni makadirio yanayobadilika kila kampuni inapoongeza sampuli. Chenye manufaa ni orodha ya jamaa waliolingana nawe. Kabla ya kupima, elewaneni nyumbani, kwa sababu kipimo huweza kufichua kwamba baba si baba, na siri hiyo huwahusu watu ambao hawakukubali kupimwa.

Kila taarifa iandikwe pamoja na chanzo chake: daftari gani, ofisi gani, ukurasa wa ngapi, uliiona lini. Tumia programu inayoweza kuhamisha data kwa mfumo wa GEDCOM, yaani muundo wa faili za nasaba unaosomwa na programu nyingi, ili mti usife pamoja na kampuni iliyouhifadhi, weka nakala mahali pawili, na usichapishe habari za walio hai bila ridhaa yao. Ukifika mahali ambapo ushahidi umekwisha, acha nafasi hiyo wazi, na chini yake orodhesha madaftari uliyopekua na miaka uliyoipitia bila kupata kitu, ili mpwa au mjukuu atakayeendelea ajue pa kuanzia.