Kabla Hujanunua Jiko, Pima Ngazi

Jiko letu la gesi la meko manne, lenye oveni chini, lilikaa siku mbili kwenye mlango wa chini huku Mji wa Kale wa Mombasa, limefunikwa gunia. Mahamali wawili walilipandisha mpaka kona ya kwanza ya ngazi, likagoma. Wakaligeuza, wakalilaza, mmoja akaumia kidole. Ngazi zile zilijengwa kwa mtu na ndoo yake ya maji, si kwa boksi la sentimita 60 kwa 90. Lilirudi dukani kwa mkokoteni, na nauli ya kwenda na kurudi ikawa juu yetu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, shika tepu. Pima mlango wa jikoni, kona ya ngazi na pale kifaa kitakapokaa, kisha acha nafasi ya hewa nyuma yake, hasa kama ni friji. Nyumba mpya za Nyali hazina shida hii sana. Nyumba zetu za zamani, na vyumba vya kupanga vya Kisauni, jiko dogo la meko mawili la kuweka mezani linatosha kabisa, na hamna haja ya kuona haya.

Halafu kaa uandike mnachopika wiki nzima. Usiandike mnachotamani kupika, andika kinachoingia sufuriani. Kwetu ni mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, wali na samaki mchana, chapati na maharagwe usiku, Ijumaa pilau. Ukiitazama orodha hiyo, utaona kinachohitajika ni sufuria nzito ya kupikia pilau isiyoshika chini, chuma kizuri cha chapati, blenda yenye nguvu ya kusaga nazi, na sufuria ya presha, kwa sababu maharagwe na mbaazi ndiyo yanayomaliza gesi. Mashine ya kutengeneza wafo haimo.

Ile mashine ya kukaangia kwa hewa moto nayo wengi wanaitamani, zaidi Ramadhani ikikaribia. Sambusa inazitoa vizuri ukizipaka mafuta kidogo, na samaki wa masala pia. Lakini viazi karai na kaimati usijaribu. Unga wao ni majimaji, unataka mafuta mengi ya moto uugande papo hapo. Humo ndani unatiririka kwenye vitobo kabla haujashika, na kazi ya kukwangua inakungoja baada ya futari. Kama kaimati ndiyo sababu ya kuinunua, bakia na karai lako.

Umeme ndio uliokula pesa za watu wengi ninaowajua. Wa Kenya ni volti 240, hezi 50, plagi ya pini tatu bapa. Shangazi yangu aliletewa blenda kutoka Marekani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 120. Akanunua adapta, akachomeka. Ikazunguka kwa kelele kama pikipiki, ikatoa harufu, ikanyamaza moja kwa moja. Adapta hubadilisha umbo la pini tu, volti haiigusi. Soma kibandiko kilicho chini ya kifaa: kikiandikwa 220–240, chukua, kikiandikwa 120 peke yake, mwachie aliyekileta. Cha Dubai kwa kawaida hakina neno, kwa kuwa kule nako ni volti 230 na pini zetu hizihizi.

Kibandiko hichohicho kitakwambia wati. Birika la wati 2,000 likichemka robo saa limekula nusu uniti ya tokeni. Tena plagi ya ampea 13 haibebi zaidi ya wati 3,120 hivi, basi ukiweka birika na mashine ya kukaangia kwenye ekstensheni moja, waya ndio utakaokaangika.

Jiko la umeme la sumaku, lile la kioo, ni jepesi na halina moshi. Tatizo ni kwamba sufuria zetu nyingi ni za alumini, na humo hazipati moto hata chembe. Chukua sumaku ya mlango wa friji, ibandike kwenye kitako cha sufuria zako moja moja. Isiponata, hesabu na bei ya sufuria mpya.

Kwa gesi, mtungi wa kilo 6 wenye meko juu yake unamfaa anayeishi peke yake. Familia ichukue wa kilo 13. Usinunue regyuleta kabla ya kuamua mtungi, kwani ya huu haikai kwenye ule. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma chake. Uongeze kilo za gesi, kisha mwambie muuzaji aupandishe kwenye mizani. Anayekataa kupima, mwache. Ukifika nyumbani, paka povu la sabuni kwenye viungo vya mpira uone kama linatoa mapovu, na kiberiti kikae mbali. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hushuka na kutulia sakafuni, kwa hiyo mtungi usiufungie kabatini.

Na hewa ya bahari ina chumvi. Chuma cha chapati kisipopakwa mafuta baada ya kuoshwa, wiki haiishi kabla hakijashika kutu. Anayetumia maji ya kisima achague birika ambalo waya wake wa moto umefichwa chini ya bamba, lisuguike kwa urahisi, maana chokaa itajaa tu. Siki ikichemshwa humo huing'oa.

Dukani omba kila cha umeme kichomekwe mbele yako, na risiti iandikwe jina la modeli. Mbuzi ya nazi nayo ikalie palepale, muuzaji acheke akitaka. Miguu isiyumbe, na meno uyapitishe kidole polepole: yaliyopigwa tupu bila kunolewa yatakutoa jasho kwa nazi moja, na tui lenyewe litoke jembamba.