Enka au Goti Limeumia Uwanjani: Ya Kuandaa Kabla ya Kuonana na Mtaalamu wa Fiziotherapia

Mtaalamu wa fiziotherapia huanza kupata jibu kabla hajaugusa mguu wako. Hulipata kwenye maelezo: ulivyotua, ulichosikia, goti lilivimba baada ya muda gani. Mchezaji anayefika na maelezo hayo, bukta na viatu vyake mara nyingi huondoka akijua alichoumia. Anayefika na jinzi ya kubana, dawa ya maumivu tumboni na mguu ulioshachuliwa, mara nyingi huondoka na tarehe ya kurudi tu.

Kabla ya kupanga miadi, hakikisha jeraha lenyewe ni la kuanzia huko. Mguu uliopinda, kidonda kilichofunguka juu ya kiungo, unyayo wenye ganzi au uliopoa na kubadilika rangi, hayo ni ya kitengo cha dharura usiku huohuo. Kwa enka kuna kanuni zilizotoka Ottawa, Kanada, mwaka 1992, ambazo hadi leo hutumika kuamua nani apigwe eksirei. Hubonyezwa ukingo wa nyuma wa ule mfupa unaotokeza upande wa nje wa kifundo, kuanzia nchani hadi sentimita 6 kwenda juu, kisha ule wa ndani. Hubonyezwa pia tuta lililo katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, na mfupa wa upande wa ndani ulio juu ya uvungu wa unyayo. Ukiumia mfupani kwenye mojawapo ya sehemu hizo, au kama ulishindwa kupiga hatua nne pale uwanjani na hata sasa huwezi, eksirei itangulie. Kuchechemea kunahesabika kuwa ni kutembea. Goti lina kanuni zake: lisipokunja hadi nyuzi 90, ukishindwa hatua nne, mfupa wa pia ya goti ukiuma peke yake, au kichwa cha mfupa mwembamba upande wa nje chini ya goti, au ukiwa na miaka 55 na zaidi, anza na picha.

Wapo wanaohisi wamepigwa teke kisiginoni, wakigeuka hawaoni mtu. Hiyo ni dalili ya kukatika kwa kano nene ya nyuma ya kisigino. Inawapita wengi kwa sababu misuli mingine bado inaweza kuuelekeza unyayo chini, basi mtu anajiambia ameteguka tu. Kama huwezi kunyanyua kisigino ukisimama kwa mguu huo mmoja, usingoje miadi ya wiki ijayo, nenda hospitali. Na kijana ambaye bado anarefuka apitie kwa daktari mapema, kwani sehemu laini ya mfupa inayokua inaweza kuachia kabla ya kano.

Kama hakuna kati ya hayo, huna sababu ya kukimbilia kesho asubuhi. Kipimo cha kuvuta enka mbele ili kuona kama kano imekatika husema kweli zaidi kuanzia siku ya nne au ya tano, uvimbe ukipungua na misuli ikiacha kukaza kwa maumivu. Ukionwa siku ya pili utapata ushauri mzuri wa kuulinda mguu, lakini usishangae ukiambiwa urudi upimwe tena. Kusubiri mwezi mzima nako ni kosa kubwa zaidi: msuli wa mbele ya paja hunyauka haraka goti linapouma, na kiungo hukakamaa.

Siku hizo za kungoja ndizo zinazoharibu majeraha mengi mtaani. Mguu unakandwa kwa maji ya moto, unachuliwa kwa nguvu na mzee anayesifika kwa kurudisha mishipa, halafu unafungwa. Joto na kuchua katika siku mbili tatu za mwanzo huongeza damu inayovujia ndani, uvimbe unapanda, na mpimaji hawezi tena kutofautisha maumivu ya jeraha na yale ya vidole vya mchuaji. Pombe nayo iache. Funga bandeji ya kuvutika kuanzia vidoleni kwenda juu, ilegee kidogo vidole vikibadilika rangi au kufa ganzi, na lala mguu ukiwa juu kuliko kifua. Barafu hupunguza maumivu. Ifunge kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 15, isigusane na ngozi. Mwenye selimundu aiache kabisa, kwa kuwa baridi inaweza kuamsha maumivu ya ugonjwa wake, na mwenye kisukari ambaye miguu haihisi vizuri asiiweke pia.

Kisha andika maelezo, kwenye simu inatosha, siku hiyohiyo, kwa maana baada ya siku tano kumbukumbu huanza kupamba. Andika unyayo ulikunjika kwenda upande gani. Ukikunjika ndani, kano za nje ndizo hushukiwa. Mguu ukizungushwa kwenda nje huku umebanwa chini, huenda zimeumia kano zinazoshika mifupa miwili ya juu ya kifundo, na hizo huchukua muda mrefu zaidi kupona. Kwa goti, kuna maswali utakayoulizwa bila kukosa. Ulisikia mlio wa kukatika? Lilivimba ndani ya saa mbili au uliamka nalo limevimba? Uvimbe wa haraka mara nyingi ni damu, na mlio pamoja na uvimbe wa haraka baada ya kugeuka ghafla bila kuguswa na mtu humfanya mpimaji afikirie kano ya msalaba ya mbele, iliyo katikati ya goti. Wa kesho yake huelekea zaidi kwenye sahani za gegedu zilizo kati ya mifupa ya goti. Goti hujifunga likakataa kunyooka? Hulegea ghafla unaposhuka ngazi? Uliendelea kucheza au ulitoka? Kama kuna aliyerekodi mechi, omba kipande hicho cha video. Sekunde kumi za picha zinaweza kumaliza ubishi wa nusu saa.

Ongeza majeraha ya zamani ya miguu yote miwili, na dawa zote ulizotumia miezi ya karibuni, hata zilizokwisha. Antibayotiki za kundi la siprofloksasini, ambazo wengi hupewa kwa homa ya matumbo au maambukizi ya njia ya mkojo, zinajulikana kudhoofisha kano hadi kukatika, na hakuna atakayelihisi hilo usipotaja. Dawa ya maumivu usiimeze saa chache kabla ya kupimwa kama unaweza kuvumilia. Ukiwa umeimeza, sema jina na saa. Dawa ya presha, kisukari au nyingine uliyoandikiwa usiiache.

Piga simu mapokezi uulize kama barua ya daktari inahitajika na kama bima yako inalipa bila hiyo, na kama ada ya tathmini ni mbali na ya matibabu. Kikao cha kwanza mara nyingi huchukua dakika 30 hadi 60, kwa hiyo usikibane kabla ya daladala ya mwisho.

Vaa bukta inayopanda hadi katikati ya paja; mwanamke anayejistiri avae suruali pana inayokunjika, na anaweza kuomba kupimwa na mwanamke au kuingia na ndugu. Beba njumu ulizoumia nazo, zote mbili, zikiwa na vumbi lake. Meno yaliyolika upande mmoja au marefu mno kwa uwanja mkavu huweza kuwa sehemu ya sababu. Filamu ya eksirei ibebe pamoja na ripoti yake.

Ukiwa kitandani, mguu usioumia hupimwa kwanza ili ujulikane ulegevu wako wa kawaida. Goti linapovutwa, legeza paja kabisa. Msuli wa nyuma ukikaza huishikilia mifupa, na kano iliyokatika itaonekana nzima. Ukiulizwa maumivu kwa kipimo cha 0 hadi 10, sema yalivyo. Wachezaji wenye fainali Jumamosi hupunguza, na ndio hurudi Jumatatu.

Kabla ya kutoka uliza jeraha linadhaniwa kuwa nini na kwa ushahidi gani, dalili ipi ikupeleke hospitali, mazoezi mangapi kwa siku, na kigezo gani kitakuruhusu kurudi uwanjani. Ukijibiwa kwa wiki peke yake, uliza tena. Kwa enka kigezo ni mambo kama kusogeza goti hadi ukutani kisigino kikiwa chini, umbali kati ya vidole na ukuta ukilingana na wa mguu usioumia, na kuruka kwa mguu mmoja bila kuyumba. Mwombe akuandikie, au akurekodi kwa simu yako ukifanya zoezi lile la kwanza.